Kitovu, Chumvi na Kina Mama wa Ahero

Mtu wa Pwani akiulizwa kwao ni wapi, hataji mahali alipojenga wala alipopata kazi. Hutaja mahali kilipozikwa kitovu chake. Changu mimi, kwa maelezo ya marehemu mama, kilizikwa chini ya mnazi uani kwa babu. Mnazi ule nilionyeshwa nikiwa mdogo nikaambiwa kuwa ni ndugu yangu, umri wetu mmoja. Leo mnazi umekwisha katwa na uani pamejengwa ghorofa, lakini neno limebaki pale pale. Kitovu kwetu ni hati ya kiwanja.

Basi ni ajabu kwamba kitu tunachokienzi hivyo kikishadondoka, tukikifanyia mambo ya hatari kabla hakijadondoka. Haya niliyafikiri mwaka huu nikiwa mbali na bahari, katika uwanda wa Kano, nimekaa juu ya benchi katikati ya kina mama na watoto wao wachanga.

Nilikwenda Ahero kwa ajili ya akika ya mjukuu wangu. Binti yangu ameolewa huko na kijana wa asili ya Kendu Bay, Mluo na Muislamu tangu babu zake, ambaye kazi yake ni ya mashamba ya mpunga. Siku ya saba haikuwezekana, ya kumi na nne mvua ilifunga njia, ikawekwa ya ishirini na moja. Nikapanda basi la usiku kutoka Mombasa.

Kwa asiyepajua, Ahero ni mji mdogo wa njia panda, kama kilomita 25 kabla ya kufika Kisumu kwa anayetoka Nairobi kupitia Kericho. Njia moja yaendelea Kisumu, nyingine yakata kusini kwenda Kisii. Uwanda umelala kama mkeka, na upande wa kaskazini milima ya Nandi imesimama kama ukuta wa ngome. Mto Nyando wapita hapo hapo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 maji yake hupigwa pampu yakaingizwa katika majaruba ya mpunga, ambamo yangeyange hutembea nyuma ya wakulima kama wanafunzi nyuma ya maalimu wao. Mto huo ukifurika, na hufurika mara kwa mara, maji huingia mpaka vyumbani pamoja na tope na samadi ya ng'ombe. Tafadhali msomaji ikumbuke samadi hiyo, nitairudia.

Nilifika siku mbili kabla ya akika. Nilipomaliza kuomba dua na kumtazama mtoto uso, nilimwona binti yangu ana jambo.

"Baba, mtoto mzima, ila kitovu tu."

"Kitovu kina nini?"

"Kilidondoka siku ya tisa. Lakini hakijakauka. Kila nikimfungua nepi nakuta unyevu."

Akamfunua. Katikati ya kitovu palikuwa na kinyama chekundu, ukubwa wa punje ya mbaazi, kinang'aa kwa majimaji. Mtoto halii, hana homa, ananyonya kwa pupa. Lakini kinyama kile kilinitisha, na si mimi peke yangu. Mke wangu, ambaye alibaki Mombasa kwa ajili ya miguu yake, alikwisha piga simu mara tatu siku hiyo. Dawa yake ilikuwa moja tu: mafuta ya nazi yaliyochanganywa na masizi ya chungu. "Ndivyo walivyolelewa wao," aliniambia, "na wote wako hai."

Niliposikia neno masizi, nilinyamaza. Si wote walio hai.

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, chuoni niko katika juzuu ya Amma, mama alipojifungua mtoto wa kiume nyumbani. Mkunga alikuwa jirani yetu, mwanamke mcha Mungu ambaye mikono yake ilipokea nusu ya watoto wa mtaa. Alikata kitovu kwa wembe, akafunga kwa uzi, akapaka mafuta na masizi. Siku tano mtoto alikuwa mzuri. Siku ya sita akakataa ziwa. Mdomo ulikaza, ukawa kama wa mtu anayetaka kupiga mbinja. Kisha mwili wote ukawa unakakamaa kama ubao kila mlango ulipogongwa au mtu alipokohoa. Wazee wakasema ni dege. Wengine wakasema ni pepo. Maalimu aliitwa akasoma, kombe likaandikwa, na mimi ndiye niliyetumwa dukani kununua zafarani. Ndugu yangu alifariki usiku wa kuamkia akika yake. Mbuzi alikuwa amekwisha fungwa uani, mmoja tu, kwani baba hakuwa na uwezo wa wawili. Asubuhi nilimwona akirudishwa kwa mwenyewe.

Ugonjwa ule kwa Kiswahili waitwa pepopunda. Mimi ni mtu wa maneno, na neno hili nimelichukia kuliko yote katika lugha yetu, kwa sababu limeweka pepo mbele, na aliye na pepo hapelekwi hospitali. Kadhalika dege: jina la ndege anayesemwa hupita usiku juu ya paa akamsibu mtoto. Babu zetu waliona mambo sawasawa, wakayaeleza kwa kadiri ya elimu ya wakati wao: mtoto akakamaa, kuna kitu kimemwingia. Na kweli kimemwingia, ila hakikutoka angani. Kimetoka chini. Kijidudu cha pepopunda hukaa udongoni na katika samadi, hulala humo miaka bila kufa, na kidonda kibichi cha kitovu ndicho mlango wake. Mtoto hunyonya vizuri siku mbili za mwanzo au zaidi, kisha huacha. Hiyo ndiyo alama ambayo waganga wa leo hufundishwa, na ndiyo niliyoiona kwa macho ya mtoto wa miaka minane nisijue ninachokiona.

Sisemi haya kumlaumu mkunga yule, Mungu amrehemu. Hakuna aliyemfundisha. Wala chanjo anayopigwa mama mjamzito, ambayo humkinga na mtoto, mama yangu hakuipata. Chanjo hiyo pamoja na uzazi safi ndivyo vilivyoifikisha Kenya mahali ambapo, mwaka 2018, ilithibitishwa kuwa pepopunda ya wazazi na watoto wachanga imetokomezwa. Haina maana kwamba kijidudu kimekufa. Kiko pale pale katika tope la Nyando, chasubiri mama asiyechanjwa na wembe mchafu.

Nilipokwisha kumsimulia binti yangu habari hii, ambayo hakuwa ameisikia, mavyaa wake aliyekuwa anachambua mchele mlangoni aliinua kichwa. Mama huyu zamani alikuwa akizalisha. Waluo huwaita wanawake wa kazi hiyo nyamrerwa. Sasa ni mmoja wa wahamasishaji wa afya ya jamii, wale wapatao laki moja ambao serikali iliwazindua Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa watembee nyumba kwa nyumba. Alichukua simu mwenyewe akazungumza na mke wangu. "Mama," alimwambia kwa Kiswahili cha ziwani, "mimi pia nilipaka watu masizi. Ngoja kwanza Jumatatu, sista aone."

Akika ikafanyika Jumapili, mbuzi wawili na pilau ya mchele wa hapo hapo. Jumatatu tukaenda kituo cha afya.

Mwanamume mle nilikuwa mimi peke yangu. Walinipa benchi la pembeni, wakanizoea upesi. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, sauti ya ukali na macho ya kucheka. Alifanya jambo nililolipenda: kabla hajafundisha neno, alimwona kila mtoto peke yake, kitovu kwa kitovu. Wawili aliwatenga, mmoja akampeleka kwa daktari papo hapo. Kisha ndipo akaketi.

Aliwauliza kina mama wataje vitu vinavyotiwa kitovuni vijijini. Vikatajwa: majivu, masizi, mate, poda, dawa ya meno, mafuta ya kupikia, vumbi la mlangoni, samadi ya ng'ombe. Walicheka mpaka watoto wakaamka. Nikaona kila mmoja ametaja cha jirani, hakuna aliyetaja chake. Nami nikainua mkono nikasema kwetu Pwani ni masizi, tena nyumbani kwangu, na simu ilikuja Ijumaa. Kicheko kikazidi, lakini baada ya hapo wakaanza kusema ukweli.

Fundisho lenyewe la kikonyo kibichi ni fupi mno, na nadhani ndiyo sababu halikubaliki upesi. Usitie kitu. Osha mikono kwa sabuni. Nepi ikunje chini ya kikonyo, kipate hewa. Kikichafuka, kioshe kwa maji safi na sabuni, ukikaushe kwa kitambaa safi. Usikivute hata kikining'inia kwa uzi mmoja. Kwa kawaida chadondoka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Mama mmoja akauliza, "Na dawa?" Muuguzi akajibu kwamba hiyo ndiyo dawa. Yule mama hakuridhika, nami nilimwelewa. Mzazi mwenye mapenzi hutaka mikono yake ifanye kitu. Kumwambia akae atazame ni kumpa kazi nzito kuliko kuponda majani.

Hapa nataka nitoke kidogo pembeni, kwa kuwa jambo hili lina sehemu yetu sisi watu wa Pwani. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza matokeo kutoka Nepal kwamba kitovu kikisafishwa kwa dawa iitwayo klorheksidini, vifo vya wachanga hupungua karibu robo. Dunia ikafurahi. Lakini je, ni hivyo kila mahali? Swali hilo lilijibiwa na kina mama wa Pemba, dada zetu. Kati ya mwaka 2011 na 2014 watoto zaidi ya 36,000 wa kisiwa kile walifuatiliwa, wengine wakipakwa dawa hiyo, wengine wakiachwa kitovu kikavu. Matokeo yalitoka mwaka 2016: katika vifo hapakuonekana tofauti ya kutegemewa. Zambia nako vivyo hivyo. Ndipo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaweka wazi kwamba usafi na ukavu ndiyo njia, na klorheksidini ibaki kwa mahali ambapo watu wamezoea kutia vitu vya madhara. Hata dawa hiyo nayo ina hadhari yake. Shirika hilo hilo limewahi kutahadharisha kwamba katika nchi kadha za Afrika watoto waliumizwa macho, wengine wakapofuka, kwa sababu dawa ya kitovu ilidhaniwa ni ya macho. Jina halikusomwa, au halikueleweka. Muuguzi wa Ahero aliwaonya juu ya hilo kwa maneno machache: chupa au bomba lolote usilolijua, liulizie kabla hujalifungua. Mimi mwenye kuishi kwa kusoma na kuandika, neno lile lilinichoma.

Turudi benchini. Walipokwisha kukubaliana kwamba kitovu hakitiwi kitu, muuguzi akamwita binti yangu mbele, akamfunua mjukuu wangu, akawaonyesha kile kinyama. Akasema, "Huyu tutamtia chumvi."

Pakawa kimya. Kisha mama mmoja mnene, ambaye nadhani ndiye ulimi wa wenzake, akasimama na mtoto mgongoni. "Sista, saa nzima watuambia tusitie kitu. Sasa watuambia tutie chumvi. Tushike lipi?"

Ni swali la haki. Ningekuwa na wanafunzi kama yule, ningestaafu kwa raha.

Muuguzi hakukasirika. Alisema kikonyo kibichi ni kidonda kilicho wazi, na kidonda kilicho wazi hakichezewi. Lakini kikonyo kikishadondoka, safari nyingine nyama ya kuponea huota kupita kiasi badala ya kufunikwa na ngozi. Ndicho kile kinyama. Si saratani, si kijicho, wala mama hakula kibaya. Mtoto hakisikii, maana hakina mishipa ya maumivu. Hospitali zina kijiti chenye dawa ya madini ya fedha cha kukiunguzia, ila dawa hiyo ikimwagika huunguza na ngozi nzima. Chumvi ya jikoni nayo hukikausha, na imejaribiwa katika nchi nyingi. Hata Uingereza ziko hospitali zinazowapa wazazi karatasi ya maelezo waifanye nyumbani.

"Samaki mwamfanyaje asioze?" akauliza.

"Chumbi!" wakajibu kwa pamoja. Neno letu lile lile, limevaa nguo za Kiluo.

"Na chumvi humfanyaje samaki?"

Hapo hapakuhitajika mwalimu tena. Wanawake wale wamekaanga, wamekausha na wameuza samaki maisha yao yote. Walielezana wenyewe jinsi chumvi inavyovuta maji ya nyama mpaka nyama ikanywea na kukauka. Nami nikakumbuka ng'onda wa kwetu wanavyoanikwa juani, nikaona kumbe elimu hii tulikuwa nayo jikoni miaka yote, ila hatukujua mlango mwingine wa kuitoa.

Namna yenyewe ni hii, na naiandika kama nilivyoiona ikifanywa. Kwanza kabisa mtoto ameonwa na mganga wa kituo, akasema hiki ni kinyama na si kitu kingine. Mama ananawa mikono. Kitovu kinasafishwa kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kinakaushwa. Anachukua chumvi laini ya mezani, ile tu inayobanwa na ncha za vidole viwili, anaiweka juu ya kinyama, si juu ya tumbo. Anafunika kwa kitambaa safi cha hospitali, anashikilia kwa dakika kumi hadi nusu saa. Kisha anaiosha chumvi yote kwa maji ya vuguvugu na kukausha. Asubuhi na jioni, siku tatu, halafu anarudi kituoni. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, anaacha. Kuongeza chumvi hakuongezi kupona. Ziko nchi ambako wazee humsugua mtoto chumvi mwili mzima wakidhani wanamkomaza, na chumvi hupita ngozini ikaingia damuni, watoto wakafa kwa hilo.

Yale mengine aliyapitia upesi. Wekundu unaotambaa tumboni kuzunguka kitovu, usaha, harufu, damu isiyokoma, homa au mwili wa baridi, mtoto aliyelegea au aliyeacha kunyonya: hayo si ya chumvi wala ya kusubiri Jumatatu, ni ya hospitali usiku huo huo. Vile vile kitovu kinachotoa mkojo au choo, au kinyama kisichopungua. Na kitovu kilichotokeza kama kifundo, ambacho kwetu hufungwa sarafu na bendeji, aliwaambia sarafu haisaidii kitu ila kuchubua. Vingi hujifunga vyenyewe kabla mtoto hajatimiza miaka minne au mitano. Kikiwa kigumu, kikamuuma mtoto au akatapika, ndipo pa kukimbilia daktari. Niliwaza sarafu ya senti kumi yenye tundu niliyofungwa mimi, ambayo mama aliihifadhi sandukuni miaka mingi kwa kuamini kwamba ndiyo iliyonitengeneza.

Kenya ya leo, kwa hesabu za mwaka 2022, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 21 hawamalizi mwezi wao wa kwanza. Nilipokuwa nikiwatazama kina mama wale wakifanyiana zoezi la kubana chumvi juu ya mdoli wa matambara, wakisahihishana, mmoja akigombezwa kwa kuichota kama anayeunga mchuzi, niliona kwamba hawakufundishwa dawa tu. Walifundishwa kutofautisha. Mkono ule ule ulioambiwa usiguse wiki mbili, waambiwa sasa gusa, hapa tu, kiasi hiki. Na yule mama mnene ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwaeleza waliochelewa.

Nyumbani binti yangu aliogopa mara ya kwanza. Mavyaa wake alimshikia mtoto, mimi nikashika saa. Mtoto hakulia, alilala. Jumanne jioni kinyama kilikuwa kimefifia rangi. Jumatano kimenywea, cheusi kama tone la wino lililokauka. Alhamisi asubuhi nepi ilifunguliwa ikiwa kavu, na kituoni muuguzi alikitazama mara moja akamfunika mtoto. "Basi," alisema.

Likabaki jambo la kikonyo, ambacho binti yangu alikuwa amekihifadhi katika kipande cha kanga tangu siku ya tisa. Mke wangu alitaka nije nacho Mombasa. Mavyaa akasema kwa upole kwamba kwa Waluo mtu huulizwa ilikozikwa kondo yake, biero kwa lugha yao, na kwa kuwa ya mtoto huyu ilibaki hospitali, hana kitu kingine cha kumwonyesha kwao ila hicho. Nilijua ana haki, nikawaza uani kwa babu palipojengwa ghorofa.

Alhamisi jioni shimo lilichimbwa kando ya mwembe, hatua chache kutoka majaruba, na mimi ndiye niliyeshika jembe. Kisha nikapiga simu Mombasa. Mke wangu alinyamaza kitambo. Halafu akauliza shimo lina kina gani, maana Ahero ana habari kwamba mto hufurika.